Kiwanda Kilihama, Baa Ikabaki: Historia ya Dogfish Head na Baa Yake ya Pwani ya Delaware

Mtu anayefika katika mji mdogo wa Rehoboth Beach, kwenye pwani ya jimbo la Delaware nchini Marekani, akauliza bia ya Dogfish Head hupikwa wapi, anaweza kupewa majibu mawili yanayopingana na yote mawili yakawa ya kweli. Ataambiwa hupikwa hapo hapo, ndani ya baa iliyo kwenye barabara kuu ya mji, mwendo wa dakika chache kwa miguu kutoka ufukweni. Ataambiwa vilevile kwamba kiwanda chenyewe, chenye matangi marefu na mashine za kujaza chupa na makopo, kiko Milton, mji wa bara ulio mwendo mfupi kwa gari kutoka hapo. Tangu mwaka 1995 upishi mkubwa wa bia umehama mara mbili, lakini baa haijahama.

Hali hiyo ni vigumu kuielewa mpaka mtu ajue kwamba kiwanda hiki kililelewa na sheria za leseni kwa kiasi kile kile kilicholelewa na mapishi. Habari zake zinazosimuliwa zaidi ni za viungo vya ajabu na vinywaji vilivyofufuliwa kutoka makaburini, nazo zina ukweli wake na tutazifikia. Hata hivyo, kabla ya viungo kulikuwa na kikwazo cha kisheria kilichofanya baa ya namna hii isiwezekane kabisa katika jimbo la Delaware, na namna kikwazo hicho kilivyoondolewa ndiyo inayoeleza kwa nini kila kitu kilianzia kwenye baa na si kwenye kiwanda.

Kuanzia Januari 1920 hadi Desemba 1933 Marekani ilikuwa imepiga marufuku utengenezaji na uuzaji wa pombe kwa Marekebisho ya 18 ya Katiba. Marufuku yalipoondolewa, kila jimbo liliachiwa kutunga sheria zake, na majimbo mengi yaliweka mfumo wa ngazi tatu: mzalishaji amuuzie msambazaji, msambazaji amuuzie mwenye baa au duka, na mwenye baa au duka amuuzie mnywaji. Sababu yake haikuwa ya kipuuzi. Kabla ya marufuku, viwanda vikubwa vya bia vilikuwa vikimiliki au kudhamini mabaa kwa wingi, vikayashindanisha kuuza pombe bila kujali madhara yake kwa familia za wanywaji, na hasira ya umma dhidi ya mabaa hayo ilichangia sana kuletwa kwa marufuku yenyewe. Watunga sheria wa mwaka 1933 walitaka mwenye kiwanda asiwe tena na mkono ndani ya baa, na msambazaji akawekwa katikati kama ukuta.

Ukuta huo ulikuwa na athari ambayo huenda hakuna aliyeikusudia. Baa inayopika bia yake yenyewe ni mzalishaji na muuzaji wa rejareja kwa wakati mmoja, kwa hiyo katika jimbo lililoufuata mfumo wa ngazi tatu kwa ukali, biashara hiyo ilikuwa haramu hata kama inapika ndoo moja kwa siku. Viwanda vikubwa viliweza kuishi na utaratibu huo kwa sababu vilikuwa na bia ya kutosha kumvutia msambazaji. Mtu mdogo hakuwa na njia: hakuwa na kiasi cha kumshawishi msambazaji, na hakuruhusiwa kumuuzia jirani yake moja kwa moja. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1970, nchi nzima ya Marekani ilikuwa imebaki na viwanda vya bia visivyofika 100, na vingi kati ya hivyo vilikuwa vikitengeneza bia nyepesi zinazofanana kiasi kwamba mnywaji akifumbwa macho asingezitofautisha.

Mlango ulianza kufunguliwa kutoka majumbani. Mnamo Oktoba 1978 Rais Jimmy Carter alitia saini sheria iliyoruhusu mtu mzima kupika bia nyumbani kwa matumizi yake bila kulipa ushuru wa serikali kuu, na kizazi kizima cha wapishi wa jikoni kikapata ruhusa ya kujifunza kwa kukosea. Kabla ya hapo palikuwa na wachache waliotangulia, kama Fritz Maytag, aliyenunua hisa za kiwanda cha Anchor cha San Francisco mwaka 1965 kilipokuwa kinakaribia kufa, na Jack McAuliffe, aliyeanzisha New Albion huko Sonoma, California, mwaka 1976. Mwaka 1982 Bert Grant alifungua huko Yakima, jimbo la Washington, baa ambayo kwa kawaida huhesabiwa kuwa ya kwanza kupika na kuuza bia yake mahali pamoja tangu marufuku yaondolewe. Baada ya hapo jimbo moja baada ya jingine lilibadilisha sheria yake, mengine mapema na mengine kwa kusitasita. Delaware ilikuwa miongoni mwa yaliyochelewa.

Sam Calagione, aliyezaliwa mwaka 1969, hakuwa mtaalamu wa kemia wala mtoto wa mwenye kiwanda. Alisoma fasihi ya Kiingereza katika Chuo cha Muhlenberg, Pennsylvania, akaenda New York kwa nia ya kuwa mwandishi, akawa anafanya kazi kwenye mgahawa uliokuwa na bia za viwanda vidogo, na humo ndimo alimoanza kupika bia katika nyumba aliyopanga. Jungu lake la kwanza alilitia cheri, jambo ambalo lilikuwa ishara ya mambo yatakayofuata. Mkewe, Mariah, ni mwenyeji wa Milford, Delaware, na ndiyo maana walielekeza macho huko. Jina la biashara walilitoa mbali zaidi, kwenye rasi ndogo ya jimbo la Maine iitwayo Dogfish Head, ambako familia ya Calagione ilikuwa na mazoea ya kupumzika majira ya joto.

Walipokuwa tayari kufungua baa Rehoboth Beach, ikabainika kwamba sheria ya Delaware haikuruhusu baa inayopika bia. Calagione alikwenda mji mkuu wa jimbo, Dover, akawashawishi wabunge wabadilishe sheria, na mswada ukapita kwa wakati. Delaware ni jimbo dogo sana, na udogo huo ulimfaa, kwani mtu asiye na jina aliweza kufika mlangoni kwa mbunge na kusikilizwa. Kuna kejeli kidogo ya kihistoria hapa: mji wa Rehoboth Beach ulianzishwa mwaka 1873 kama kambi ya ibada ya Wamethodisti, watu waliokuwa mstari wa mbele kuipinga pombe. Baa ilifunguliwa Juni 1995, ikawa ya kwanza ya aina yake katika jimbo.

Vifaa walivyoanza navyo vilikuwa vya kuchekesha. Mtambo wa kupikia ulikuwa vyombo vitatu vilivyotengenezwa kutokana na mapipa ya chuma ya bia, vikipashwa moto kwa majiko ya gesi, na kila upishi mmoja ulitoa takriban galoni 12, yaani kama lita 45. Pipa la kupimia bia nchini Marekani ni galoni 31, karibu lita 117, kwa hiyo jungu zima halikujaza hata nusu ya pipa moja. Wakati huo kilikuwa kiwanda kidogo kuliko vyote vya kibiashara nchini. Ili baa isikaukiwe ilibidi kupika mara mbili hadi tatu kwa siku, siku nyingi za juma.

Hapa inafaa kueleza kwa ufupi kinachofanyika katika jungu, kwa kuwa kitasaidia baadaye. Kimea, ambacho kwa kawaida ni shayiri iliyoloweshwa ikachipua kisha ikakaushwa, husagwa na kuchanganywa na maji moto, na wanga wake hugeuka sukari. Maji hayo matamu huchujwa, huchemshwa pamoja na hopi, yaani maua yanayoipa bia uchungu na harufu, hupozwa, kisha hutiwa chachu, na chachu ndiyo hugeuza sukari kuwa kilevi na gesi. Bia za aina ya eli, ambazo chachu yake hufanya kazi katika joto la kawaida la chumba, huiva haraka kuliko lager, ambazo huhitaji baridi na majuma mengi ya kutulia. Ndiyo maana baa ndogo karibu zote huanza na eli, kwani tangi linaloshikwa miezi miwili na jungu moja ni hasara.

Kupika lita 45 mara kwa mara ni kazi ya kuchosha, na kwa mtu mwingine ingekuwa sababu ya kukata tamaa. Faida yake ni kwamba kosa halifilisi. Anayepika lita 20,000 hathubutu kutia zabibu, chikori, utomvu mtamu wa mti wa mepo (maple) au kahawa ndani ya tangi bila uhakika, kwani likiharibika atamwaga mtaji. Anayepika lita 45 anaweza kuchukua kiungo kutoka rafu ya jikoni iliyo hatua tatu kutoka kwenye jungu, akajaribu, na kufikia mwisho wa juma akawa ameshaona wateja walivyokipokea. Tabia ya Dogfish Head ya kuchanganya vitu visivyotarajiwa hutangazwa kama falsafa, na pengine ni falsafa kweli, lakini ilizaliwa na ukubwa wa jungu na ukaribu wa jikoni. Mtambo mkubwa ungezaa tabia nyingine.

Tatizo la pili lilikuwa majira. Wakazi wa kudumu wa Rehoboth Beach ni zaidi kidogo ya 1,000, na wakati wa kiangazi mji hufurika makumi ya maelfu ya watu kutoka Washington, Baltimore na Philadelphia, kisha Septemba ikipita barabara hubaki tupu. Baa inayotegemea watu wa ufukweni hula kwa miezi mitatu na kufunga mkanda kwa tisa. Kuuza bia nje ya baa lilikuwa suluhisho la wazi, na mwaka 1996 walianza kujaza chupa za bia yao ya Shelter Pale Ale. Mwaka 1997 upishi wa bia ya kuuzwa nje ulihamishiwa Lewes, mji wa jirani kwenye mlango wa Ghuba ya Delaware.

Mwaka huo huo Calagione alifanya jambo ambalo hadi leo husimuliwa kama tangazo la biashara lililogharimu jasho kuliko fedha. Alitengeneza mashua ya makasia kwa mikono yake, akapakia pakiti moja ya chupa sita, akavuka ghuba kutoka Lewes hadi Cape May, New Jersey, umbali wa takriban maili 18, yaani kilomita 29, na hiyo ndiyo ikawa bia ya kwanza ya kampuni kuuzwa nje ya jimbo. Magazeti hayakumpa nafasi aliyoitarajia. Kichekesho kando, safari hiyo ina maana katika mada yetu, kwani tangu siku hiyo bia ilikuwa imeingia katika mfumo ule wa ngazi tatu, mikononi mwa wasambazaji wa majimbo mengine, na baa ikawa mahali pekee ambapo mpika bia alibaki uso kwa uso na mnywaji wake.

Mwaka 2002 kiwanda kilihamia Milton, katika majengo yaliyokuwa ya kusindika vyakula vya kopo. Mahali hapo pangeweza kumeza majungu ya Rehoboth mara elfu, na ukubwa huo ulihitaji bia moja ya kuubeba. Bia hiyo ilipatikana kutokana na swali dogo kuhusu hopi, ambalo linastahili kutazamwa kwa karibu kuliko yote yaliyosimuliwa hapo juu.

Hopi ni maua ya mmea unaotambaa, yenye unga wa manjano uliojaa mafuta ya harufu na asidi zinazoitwa asidi za alfa. Asidi hizo zikichemshwa kwa muda mrefu hubadilika umbo na kuyeyuka katika bia, na ndizo zinazoleta uchungu. Mafuta ya harufu, kinyume chake, hupeperuka na mvuke. Kwa sababu hiyo wapika bia kwa desturi hutia hopi kwa mafungu: fungu la kwanza mapema kwa ajili ya uchungu, la pili katikati kwa ajili ya ladha, na la mwisho karibu na kuepua kwa ajili ya harufu. Calagione alikuwa ametazama kipindi cha upishi ambapo mpishi wa supu alisema kwamba pilipili manga ikitiwa kidogo kidogo tangu mwanzo hadi mwisho hutoa ladha yenye kina kuliko ikitiwa yote mara moja. Akajiuliza kwa nini hopi isifanywe vivyo hivyo, itiwe mfululizo bila kukoma kwa muda wote wa kuchemka.

Ugumu ulikuwa nani atasimama juu ya mvuke kwa saa nzima akinyunyiza. Alinunua kwa bei ya mtumba mchezo wa mezani wa watoto, ule wa mpira wa Kimarekani ambao uwanja wake wa bati hutetemeka kwa umeme ili wachezaji wa plastiki wasogee wenyewe. Aliuinamisha juu ya jungu, akaweka chombo chenye matundu kilichojaa hopi, akawasha swichi, na kwa kila mtetemo punje chache ziliteremka uwanjani na kutumbukia. Mvuke uliuharibu mchezo huo baada ya muda, kama ambavyo fundi yeyote wa umeme angetabiri, lakini jibu lilikuwa limeshapatikana. Mwaka 2001 ilitoka 90 Minute IPA (IPA ni kifupi cha India Pale Ale, eli yenye hopi nyingi), iliyotiwa hopi mfululizo kwa dakika 90 na yenye kilevi cha asilimia 9, na mwaka 2003 ikafuata 60 Minute IPA, dakika 60 na asilimia 6. Namba iliyo kwenye lebo, basi, ni dakika za jungu, ingawa wanywaji wengi hudhani ni pambo tu. Ile ya dakika 60 ndiyo iliyokuja kuuzwa kuliko zote na kulijaza jengo la Milton. Ipo pia ya dakika 120, ambayo kilevi chake hufika kati ya asilimia 15 na 20, na ambayo binafsi naiona kama onyesho la nguvu zaidi kuliko kinywaji cha kumaliza glasi.

Kundi jingine la bia linaloipa kampuni umaarufu ni lile la vinywaji vya kale. Mwaka 1957 wanaakiolojia wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walifungua kaburi la karne ya 8 kabla ya Kristo huko Gordion, katika nchi ambayo leo ni Uturuki, wakakuta vyombo vya shaba vilivyotumika katika karamu ya mazishi ya mfalme, vikiwa bado na masalio ya kinywaji. Miaka mingi baadaye Patrick McGovern, mwanakemia wa mambo ya kale wa chuo hicho, alipima masalio hayo akaona dalili za shayiri, zabibu na asali kwa pamoja. Dogfish Head walikubali kukijaribu kinywaji hicho, na matokeo yake ni Midas Touch, ambayo si bia kamili wala si divai wala si pombe ya asali. Baadaye wakatengeneza Chateau Jiahu kutokana na masalio ya kijiji cha Jiahu, China, yenye umri wa takriban miaka 9,000, na Ta Henket, ya mtindo wa Misri ya kale, iliyotiwa matunda ya mkoma. Huo ni wa jamii ya mikoma ambayo pwani yetu hutoa miyaa ya kusukia.

Tahadhari inahitajika hapa. Masalio ya kikombe humwambia mwanakemia ni vitu gani vilikuwemo, lakini hayamwambii ni kiasi gani wala vilipikwa vipi. Zafarani iliyomo katika Midas Touch, kwa mfano, ilichaguliwa kwa kubahatisha kwa busara, kwa kuwa kitu fulani kilihitajika kuleta uchungu na hopi haikuwa ikitumika enzi hizo. Kwa hiyo anayekunywa bia hizi anakunywa tafsiri ya mpika bia wa leo, wala si kinywaji cha mfalme mwenyewe. Ninachokiona kuwa na thamani zaidi ni hoja iliyo nyuma yake. Kanuni ya Bavaria ya mwaka 1516, iliyotaka bia iwe na maji, shayiri na hopi tu, imewafanya watu wengi waamini kwamba nafaka na viungo vingine ni uchakachuaji, ilhali kwa sehemu kubwa ya historia ya binadamu pombe ilipikwa kwa kile kilichokuwepo shambani. Msomaji anayejua mbege ya Uchagani, inayotokana na ndizi na kimea cha ulezi, hahitaji kushawishiwa juu ya hilo.

Kati ya bia zote za kiwanda hiki, inayoendana zaidi na ufukwe ni SeaQuench Ale ya mwaka 2016, iliyobuniwa kwa ushirikiano na hifadhi ya viumbe wa majini ya taifa iliyoko Baltimore. Ni mchanganyiko wa aina tatu za bia za Kijerumani, yenye kilevi cha asilimia 4.9, ikatiwa maji ya ndimu, chumvi ya bahari, na ndimu kavu nyeusi, zile zile ambazo Omani na nchi za Ghuba huziita lumi na kuzitia katika mchuzi wa samaki na nyama. Ladha yake ni ya ukali wenye chumvi, na mtu aliyekulia kwenye embe bichi la chumvi na pilipili ataielewa upesi kuliko Mmarekani wa bara.

Sasa tufikie fundo gumu zaidi, yaani umiliki. Mwaka 2015 familia ya Calagione iliuza asilimia 15 ya hisa kwa kampuni ya uwekezaji, na Mei 2019 ikatangazwa kwamba Dogfish Head inaungana na Boston Beer Company, watengenezaji wa bia ya Samuel Adams, katika makubaliano ya takriban dola milioni 300. Sehemu kubwa ya malipo ya familia ilikuwa hisa za Boston Beer, na Calagione akapata kiti katika bodi. Wapenzi wengi wa bia walihuzunika, wakauliza kama kiwanda hicho bado kinastahili kuitwa cha mafundi (kwa Kiingereza craft), yaani cha wapika bia wadogo wanaojitegemea.

Jibu la kisheria ni kwamba hakuna sheria ya nchi inayoeleza nani ni fundi. Kipimo kinachotumika ni cha chama cha wapika bia wadogo, Brewers Association, nacho kinatazama mambo mawili makuu: kiwanda kisizidi mapipa milioni 6 kwa mwaka, na kisimilikiwe kwa asilimia 25 au zaidi na kampuni ya pombe ambayo yenyewe si ya mafundi. Boston Beer, iliyoanzishwa na Jim Koch mwaka 1984, inahesabiwa ndani ya kundi hilo, kwa hiyo Dogfish Head haikutoka. Lakini mapipa milioni 6 ni karibu lita milioni 700, na hapo zamani kikomo kilikuwa milioni 2. Kilipandishwa mwaka 2011, wakati Boston Beer ilipokuwa ikikaribia kukivuka. Mtu hahitaji kuwa na nia mbaya kuona kwamba kipimo kilirefushwa ili mwanachama mkubwa asibaki nje. Kwa maoni yangu kipimo hicho kinatuambia habari za daftari la hisa, habari muhimu kwa anayetaka kujua fedha zake zinaishia wapi, lakini hakisemi chochote kuhusu kilichomo ndani ya glasi.

Wala muungano haukuwa kinga. Tangu mwaka 2022 Boston Beer imelazimika zaidi ya mara moja kupunguza katika hesabu zake thamani ya jina la Dogfish Head, kwa kuwa mauzo hayakufikia matarajio. Soko zima limebanwa: viwanda vimezidi 9,000, vijana wanakunywa kidogo kuliko wazazi wao, vinywaji vya makopo vyenye ladha ya matunda vimekula sehemu ya rafu, na mwaka 2024 viwanda vilivyofungwa vilikuwa vingi kuliko vilivyofunguliwa. Hata Anchor ya San Francisco, mama wa wote, ilitangaza kufungwa mwaka 2023. Katika mazingira hayo bia ya baa ina faida ambayo bia ya duka haina, kwani haipiti kwa msambazaji, haigombanii rafu, na bei yote anayolipa mteja inabaki ndani ya nyumba.

Anayetaka kuitembelea baa hiyo atachagua njia kulingana na anakotoka. Kutoka Washington ni safari ya gari ya zaidi ya saa mbili, ikipita juu ya daraja refu la Ghuba ya Chesapeake, na Jumamosi za Julai foleni ya darajani inaweza kuifanya safari ichukue siku nzima. Kutoka upande wa New Jersey kuna kivuko cha Cape May kwenda Lewes, mwendo wa dakika 85, unaofuata takriban njia ile ile aliyopiga makasia Calagione. Baa iko namba 320, Rehoboth Avenue. Jengo la sasa lilifunguliwa mwaka 2017 kando ya mahali pa lile la awali, karibu na mgahawa wao mwingine wa samaki, Chesapeake & Maine, uliofunguliwa mwaka mmoja kabla. Wakati wa kiangazi maegesho ya mjini hulipiwa na hujaa mapema, na mabasi ya ufukweni ni nafuu kuliko kuzunguka kutafuta nafasi. Mei na Septemba ndiyo miezi ninayoipendekeza, kwani bahari bado inavutia na kaunta inafikika.

Umri wa kunywa ni miaka 21 bila msamaha, na mgeni wa nje abebe pasipoti, hata mvi zikiwa zimemjaa kichwani. Delaware haina kodi ya mauzo, kwa hiyo bei iliyoandikwa ndiyo bei, lakini bakshishi si hiari ya kweli. Kiwango cha chini cha mshahara wa mhudumu anayepokea bakshishi katika jimbo hilo ni dola 2.23 kwa saa, na asilimia 18 hadi 20 ya bili ndiyo inayomfikisha nyumbani. Asiyekunywa hapotezi safari, maana jiko lina hadhi yake, na familia zenye watoto ni sehemu ya kawaida ya wateja wa mchana.

Kwa anayekunywa, jambo la maana ni kusoma ubao wa bia kwa makini. Huwa na makundi mawili: zile za kiwandani, ambazo anaweza kuzinunua katika duka lolote la pombe la pwani hiyo, na zile zilizopikwa hapo hapo kwa kiasi kidogo, ambazo hazifiki dukani. Kulipia 60 Minute IPA katika baa hii si kosa, lakini ni kuacha kile kilichomleta mtu. Aagize vionjo, yaani glasi ndogo nne au zaidi kwa pamoja, aanze na nyepesi kama SeaQuench, amalizie na nzito kama Palo Santo Marron, bia nyeusi ya Milton iliyoivishwa katika tangi la galoni 10,000 lililoundwa kwa mbao za palo santo kutoka Paraguay. Mhudumu akiulizwa bia fulani ilipikwa lini na nani, kwa kawaida ana jibu, jambo ambalo muuzaji wa duka hawezi kulitoa.

Ziara ya Milton ni vyema ifanywe siku hiyo hiyo, asubuhi, kabla ya baa. Huko mgeni hutembezwa kati ya matangi, huliona lile la mbao, na nje hukuta sanamu kubwa ya chuma yenye umbo la mti na nyumba juu yake, iliyoletwa kutoka tamasha la Burning Man la jangwani Nevada. Akianza na Milton, ataingia baa ya Rehoboth jioni akijua kwa macho yake tofauti ya vipimo, ila apange mapema nani ataendesha gari kurudi, kwa sababu kikomo cha kilevi barabarani ni asilimia 0.08 na polisi wa miji ya ufukweni hawalali msimu wa joto.